Kiganja Kimo Kwenye Orodha

Saa mbili asubuhi dobi wa hospitali alikuwa amesimama mbele ya mlango wa wodi na kitoroli chake cha mashuka, akigusisha kadi kwa mara ya nane. Kisomaji kililia, kikawasha taa nyekundu. Nyuma yake foleni ilifika ngazini: madaktari wawili, muuguzi mwenye sinia la sindano, mzee juu ya machela.

"Visomaji vipya ni vya kampuni hii, kadi ni za ile," fundi alieleza huku amechuchumaa. "Haviongei lugha moja. Ni kama kumpigia bubu simu."

Dobi, ambaye watu wote walimwita Mama Sabuni, alichoka kungoja, akakibonyeza kisomaji kwa kiganja kilichobabuka kwa dawa za kufulia. Taa ikawa kijani. Wakajaribu stoo ya dawa, chumba cha upasuaji, chumba cha maiti kule chini. Kote kulifunguka. Fundi aliandika kwenye daftari: kiganja cha kulia, kinakubalika.

Kwa wiki sita Mama Sabuni hakufua hata foronya. "Mama Sabuni, mbio!" waliita kutoka kila upande, naye alikwenda mbio mpaka miguu ikavimba. Kisha meneja akamwita ofisini.

"Umetufaa sana, mama. Ila kiganja ni chepesi kubeba kuliko mtu."

"Na mimi je?"

"Dobi mwingine ameshapatikana."

Mama Sabuni akakivua kiganja kama anavyovua glavu ya mpira, akasaini fomu kwa mkono wa kushoto, herufi zikienda upogo. Kiganja kilitundikwa kwenye ndoano mapokezi. Kilipokauka, wauguzi walikipaka mafuta.

Nyumbani mdogo wake, ambaye aliishi naye wawili tu, alimfunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono. "Afadhali hawakuhitaji kichwa, dada," akasema, na wote wawili wakacheka kidogo.

Miezi mitatu baadaye mdogo mtu alishikwa na kifua, akapelekwa wodini kwa machela. Mama Sabuni alizuiwa na mlinzi mlangoni.

"Kiganja kimo kwenye orodha, mama. Wewe humo."

"Lakini ni changu."

"Najua. Ndicho kilichonifungulia leo asubuhi." Mlinzi alikuwa mtu mwema, alimsogezea benchi.

Akaketi. Kila mlango ulipofunguliwa alihisi ubaridi wake pale kwenye kifundo, kwa kuwa aliijua yote: wodi, stoo, wodi tena. Hivyo ndivyo alivyomfuata mdogo wake siku nzima, mlango kwa mlango. Alasiri akahisi ubaridi wa mlango wa chini, usiofanana na mwingine wowote. Akasimama.

"Sasa naweza kumwona?"

Mlinzi alitazama saa. "Muda wa kuona wagonjwa umepita, mama. Njoo kesho, uulizie kule chini."

Aliondoka akipita ukutani ukutani kama kipofu.

Asubuhi iliyofuata wauguzi walilalamika kwamba kiganja kimelowa chapachapa na kinateleza mikononi. Fundi alikuja, akakinusa, akasema ni maji ya chumvi tu, hayadhuru chombo. Akakifuta kwa tambara, akakigusisha mlangoni. Taa ikawa kijani, wakapita.