Nyasi Anapanga Baba

Beata hakugusa unyasi hata mmoja. Alikaa kwenye kiti cha mwalimu mkuu, miguu ikining'inia, akinitazama kwa upole wa mtu anayengoja maharage yaive. Dirishani mama yake, Kunigunda, alijifanya anageuza kahawa juani, kumbe masikio yote yalikuwa ndani.

Kupima akili za watoto ndiko kulikonilisha tangu nilipohitimu saikolojia. Mwaka ule, ningali mbichi kazini, nilipanda kutoka Liuli, kwetu ziwani, hadi kijiji kimoja cha Mbinga, milimani, kwa kuwa walimu walikwisha kumkatia Beata tamaa. Lilibaki neno langu. Ningesema hawezi, angepelekwa bweni la mbali la watoto wenye akili nzito, na Kunigunda hakuwa na mtoto mwingine.

Jaribio lilikuwa jepesi: panga miraba kama ya kwenye picha. Vijiti vya plastiki nilikuwa nimeviacha makusudi, nikaleta nyasi kavu, watoto wasiogope vitu vya kigeni. Nilijiona mjanja kweli. Wavulana waliomtangulia walimaliza wakicheka.

"Beata, mwanangu, huwezi?"

"Naweza, madamu."

"Mbona hupangi, sasa?"

Akainamisha uso. "Nyasi anapanga baba. Mimi na mama tunafukia."

Sisi wa ziwani tunajua nyavu na mihogo. Nilichungulia nje, nikauona mteremko wa ng'ambo umejaa mashimo ya ngolo, kilimo cha huko milimani, mraba kwa mraba, mahindi yakisimama juu ya matuta. Kumbe huku wanaume hulaza nyasi kwa miraba, wanawake huchimba katikati na kuzifukia ziwe matuta. Nilikuwa nimempa binti kazi ya baba yake, nikakaa kungoja ashindwe!

"Basi leo baba ni wewe," nikamwambia.

Akacheka, akazivuta nyasi. Miraba ya kwenye picha aliimaliza upesi, akaongeza yake, kisha akainyoosha ile ya mfano niliyoipanga mimi ikapinda. "Hapa mvua ingebomoa, madamu."

Nikatoka mbio. "Mama Beata, mtoto ana akili zake timamu. Haendi popote."

Kunigunda alikaa chini palepale, kwenye kahawa, akalia na kucheka kwa pamoja. "Jamani! Na kuku wangu wa mayai nimeshamchinja, wa kumuaga!"

Nami nilicheka hadi mbavu zikaniuma.

Kuku hakurudi bandani, tulimla. Kunigunda alimwekea mumewe, Joakim, firigisi, fungu la baba, kama ada ilivyo. Joakim aliitazama kidogo, akaisogeza kwenye sahani ya Beata.