Safu Tatu Nyuma

…na swali lenyewe halikuwa gumu, mkaguzi kutoka Nairobi ameliuliza kwa upole kabisa, kofia kaipakata, "Mwalimu Boga, kusuka ukili huu ulifundishwa na nani?", na wanafunzi ishirini wa ualimu, wanaume wote, wamemkodolea macho, naye kasimama mbele ya ubao, ukili, utepe wa kushonea mkeka, nusu umesukwa mkononi, jani moja la ukindu mwekundu linaning'inia, na jibu limeketi pale mlangoni, sakafuni, miguu limeinyoosha, leso begani, shangazi yake Mwanaima, aliyetoka Kinondo alfajiri na tita la ukindu kichwani, na ambaye leo hii hii asubuhi, mbele ya mkuu wa chuo, Boga alimtambulisha kwa maneno mawili, mleta ukindu… ya Rabi, ulimi huu, naye shangazi akaitikia, "Naam, bwana, mleta ukindu tu," akacheka na pengo lake, akamsitiri, kama alivyomsitiri akiwa na miaka saba, nyuma ya jiko, wenzake wakipita wakiimba Boga mwanamke, Boga tushonee mkeka wa harusi, kwani kwao mwanamume husuka kamba na mitego ya samaki, mkeka ni wa wanawake, shangazi akamtupia leso, akamfunika mwili mzima, "Lala, baba, nitasema una homa," na walipokwisha kupita akamrudishia ukili wake, "Haya, mgonjwa, endelea"… na ndiko yalikoanzia yote, kuchora, kuchonga, kufinyanga, hata chuo cha Kampala, ambako fomu ilimwuliza mwalimu wake wa kwanza ni nani, akaandika padri wa misheni, padri wa watu aliyempa penseli mbili basi… mmoja anakohoa huko nyuma, mkaguzi anasema jambo kuhusu nchi mpya na kazi za mikono, Boga hasikii, yuko kwenye wiki ya Uhuru, mwaka juzi, anachora bendera kwenye kuta za shule, Msambweni mpaka Lunga Lunga, rangi nyekundu ikamwishia Majoreni, shangazi akamletea chungu cha rangi ya mikeka, "Paka, baba, nchi haitachagua," mvua ya kwanza tu bendera ikawa ya waridi, na mpaka leo watoto wanaipigia saluti vivyo hivyo… vidole vinamgutua, vimegusa kasoro, safu tatu nyuma karuka ukindu mmoja, wanafunzi hawajui, mkaguzi hajui, ni mtu mmoja tu humu ndani anayejua, naye anatazama uani kwa makusudi asije akamwumbua, na alikuwa akisemaje vile, ukikosea usikate, baba, wala usifunike, rudi kwa vidole vile vile mpaka penye kosa… fumua safu moja, mleta ukindu, fumua ya pili, fomu, padri, fumua ya tatu, nyuma ya jiko, leso yenye harufu ya moshi na nazi, na yeye chini yake, mzima wa afya, akitetemeka kwa aibu ambayo shangazi hakuwa nayo hata kidogo… "Mwalimu?" anauliza mkaguzi, kalamu juu ya karatasi, na mlangoni shangazi amegeuka, anamtikisia kichwa polepole, usiseme, watakucheka, na Boga anaushika ukindu uliorukwa, anaurudisha mahali pake, na macho yake yamekwisha kuvuka chumba, yanamtazama mwalimu wake.