Gauni la Kompyuta

Mume wangu Baudouin ana ugonjwa mmoja ambao haujapata dawa hapa kambini Nakivale: anajua kila kitu. Huko Uvira alikuwa karani wa ushirika, akipiga taipu kwa vidole viwili, na tangu hapo mashine yoyote yenye herufi ni ndugu yake. Siku aliyoleta kompyuta ya mezani ya mtumba aliutangazia mtaa wetu wote wa New Congo kwamba kasi ya prosesa yake, yaani kile kichwa kinachofikiri, haina mfano. Kasi hiyo ilidumu siku mbili.

Kisha mashine ikawa na tabia za mkwe mvivu. Asubuhi inafungua ukurasa kabla hujapepesa jicho. Nusu saa baadaye unabonyeza, unaenda kuchota maji, unarudi, bado inafikiri. Ingekuwa mchezo ningecheka hadi leo. Lakini binti yetu Olga alikuwa na mtihani wa kuingia chuo, unaofanywa kwenye mtandao, Jumamosi saa nne, dakika tisini, mara moja tu. Simu hawaitaki. Kwenye mtihani wa majaribio alijibu maswali ishirini kati ya sitini, dakika zikaisha, kioo kikajifunga.

Baudouin akaanza uganga. Kwanza alisema ni virusi. Kisha akasema ni umeme wetu, unakuja kwa kusitasita. Akafuta programu, akabadilisha nyaya, akaisogeza mashine mbali na dirisha, akairudisha dirishani. Mimi nimekaa kwenye kiti changu nadarizi, namtazama.

"Baba Olga," nikamwambia, "ungekuwa daktari, batu bote ba New Congo bangekuwa banaisha kufa."

Nyani haoni kundule, nami kazi ya kumwonyesha lake nilikuwa naipenda.

Sasa elewa kwamba sebuleni kwangu hakuna kitu kinachokaa uchi. Tulipofika Uganda, pale Kabazana wanapopokelewa wakimbizi, tulilala ukumbi mmoja na familia tusizozijua, bila pazia. Hata kubadilisha sketi ni mbele za watu. Nikaapa kwamba nikipata nyumba, kila kilicho changu kitasitirika. Redio ina kitambaa, thermosi ina kitambaa, viti vina vitambaa. Sanduku la kompyuta, lile linalokaa kando ya kioo, nililishonea gauni zima la bluu, kitambaa kizito chenye bitana, maua mbele, likashuka pande zote hadi mezani. Kitufe cha kuwashia nilikiachia tundu, nikalizungushia uzi kama tundu la kifungo. Apollinarie, jirani yetu Mrundi, alipoliona aliitazama redio yake kwa huruma wiki nzima.

Mwezi uliopita nilimkuta Olga amelikunja gauni hadi juu, anafanya kazi zake, na Apollinarie ameketi palepale.

"Unavua mashini nguo mbele ya bageni? Na wewe tutakuoza fasi gani?"

Nilimsema mpaka Apollinarie akacheka machozi. Olga naye alitoa machozi, yake ya kweli. Tangu siku hiyo hakuna aliyeligusa gauni ila mimi, Jumatatu, siku yangu ya kufua.

Baudouin akaipeleka kompyuta Mbarara kwa fundi Rwakabuba, mtaa wa Nyamityobora. Akaipeleka tena. Gauni lilibaki nyumbani, lisije likachafuliwa na vumbi la njiani Kaberebere. Mara zote mbili fundi aliiwasha ikaruka, akampigia simu mume wangu: "Mzee, hii iko fiti. Mimi nimetesti mchana yote, spidi haishuki." Ikarudi nyumbani, nikaivisha, ikaanza kujikokota. Nikawaambia wanawake wa kwaya kwamba Baudouin ana mchumba wa chuma, anamtembeza mjini. Walicheka sana.

Ijumaa, siku moja kabla ya mtihani, alikuwa ameondoka nayo mara ya tatu, na Olga yuko kisimani. Nikaliona daftari lake mezani. Nikalifungua nipate cha kumchekea baba yake.

Kulikuwa na siku na tarakimu za kasi ya prosesa, za wiki nne. Jumanne: inaanza 3.4, baada ya nusu saa 0.8. Jumatano vivyo hivyo. Alhamisi vivyo hivyo. Kila Jumatatu: 3.4, asubuhi hadi jioni. Chini Olga ameandika: "Ni joto. Gauni la Mama linaziba feni." Na chini yake, kwa mwandiko wa karani: "Usimwambie. Nitamwomba fundi atie feni yenye nguvu kuliko gauni."

Nilisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilitaka kucheka. Mtoto alikuwa tayari kupoteza chuo kuliko kuniambia sentensi moja, na mtu mzima amebeba chuma kile hadi Mbarara mara tatu kwa kuukimbia ulimi wangu. Niliona aibu, masikio yakawaka moto.

Baudouin alirudi jioni ameikumbatia mashine.

"Fundi anasema nini?"

"Feni kubwa haiingie."

"Na nini tena?"

Akatazama viatu vyake. "Alisema, 'Mzee, toa nguo tu.' Nikamujibu, 'Wewe haujue bibi yangu.'"

Nilikuwa na majibu saba mdomoni, yote mazuri. Nikayameza.

Jumamosi asubuhi sikuivisha mashine; nikalichukua gauni, nikalitia kwenye karai, nikalifua. Ningewaomba radhi, lakini maneno ya namna ile sikuwa nimeyazoea. Apollinarie akapita.

"Leo si Jumatatu, Mama Olga!"

Akasimama akingoja nimchome. Niliendelea kusugua, akaenda zake.

Dirishani nilimsikia Olga akibonyeza, haraka, bila kusita, swali baada ya swali. Saa tano na dakika ishirini alitoka nje. Alikuwa amemaliza yote sitini, na dakika zikabaki. Akaliona gauni kwenye kamba, akanitazama.

"Mama, likikauka utalirudisha?"

Aliniuliza akiwa amesimama mlangoni, mkono bado uko kwenye komeo, tayari kukimbilia ndani.

"Apana," nikasema.

Hakuliachia komeo.