Hata Kisawe

Nisiseme uongo: nilimwonea Mureithi wivu mpaka chakula kikakataa kushuka.

Tulikaa ploti moja, mtaa wa Baba Dogo, na mjini tulifanya kazi chumba kimoja, kwenye ghala la mimea iliyokaushwa. Mimi nilikuwa nikibandika mimea kwenye karatasi ngumu: gundi hapa, uzi pale, halafu lebo. Miaka kumi na tisa! Yeye aliletwa juzi juzi, mwaka wa tisini na moja, hajui hata kubadilisha magazeti ya kukaushia ili jani lisioze. Nani alimfundisha? Mimi. Nani alimwonyesha namna ya kulaza ua likauke bila kukunjamana? Mimi huyu huyu, Ayuma.

Basi mwaka wa tisini na nne akaenda Njiru kumwona dada yake, akarudi na ua dogo la zambarau alilochuma kando ya mto. Daktari Nabiswa, mkubwa wetu, akalichungulia kwa kioo wiki mbili, akasema halijapata kuandikwa popote. Ni jipya kabisa. Jumatatu wakati wa chai mama anayefagia akaninong'oneza, "Umesikia? Lile ua linapewa jina la mtu wetu wa humu ndani."

Mtu wetu! Nani tena kama si aliyelichuma? Na mwone sasa, ananunulia watu soda. Alinikabidhi yangu huku meno yote thelathini na mawili yako nje.

"Kunywa, Mama Dishon. Ijumaa kuna kitu."

Nilitamani kummwagia hiyo soda kichwani.

Jioni mkewe, Wakiuru, akaniletea bakuli la mboga, kama kawaida yake. "Managu hayo, yako moto."

"Hii ni lisutsa," nikamjibu, kama kawaida yetu.

"Na mwalimu wa Dishon anaita mnavu," akacheka, akaenda zake.

Mboga moja, majina matatu. Nikaacha kutafuna. Je, kama hilo ua nalo lina jina lingine, la zamani, ambalo Nabiswa halijui?

Kazini kwetu sheria ni moja. Mmea ukiwa na majina mawili ya kitaalamu, lile lililochapishwa kwanza ndilo jina. Lingine linaitwa kisawe, linawekwa chini yake kwa herufi ndogo. Siku tatu sikula chakula cha mchana. Nilipekua makabati, faili baada ya faili, vumbi likanijaa puani. Alhamisi nikalipata: ua lile lile, nywele zile zile kwenye shina, limechumwa Machakos mwaka wa 1936 na kuwekwa kimakosa kwenye kabati la ukoo mwingine wa mimea. Lilikuwa na jina, na jarida lililolichapisha limetajwa hapo hapo kwenye lebo.

Ningeweza kungoja. Makala ya Nabiswa itoke, kisha niwaonyeshe. Lakini jina likishachapishwa halifutiki, hata likishindwa. Mureithi angebaki vitabuni milele kama kisawe, huko chini, kwa herufi za sisimizi. Hata hiyo nilimnyima. Nikasema ng'o! Nikakimbia na ile karatasi hadi ofisini kabla bahasha ya makala haijaenda posta.

Nabiswa aliweka maua mawili sambamba, akahesabu nywele, akarudia. Mwishowe akavua miwani.

"Ni kitu kimoja. Umetuepusha na aibu, Bi. Ayuma." Lakini hakuwa na furaha. "Na wewe ndiye umeleta. Ala! Maskini."

Akaichana bahasha, akanisogezea ukurasa wa kwanza. Juu ya mchoro wa ua kulikuwa na maneno mawili ya Kilatini. La pili lilikuwa *ayumae*.

"Mureithi ndiye aliyeomba," akasema. "Nilimwambia ua ni lake yeye. Akakataa katakata. Akasema bila yule mama angekuwa bado anaozesha majani."

"Daktari, si litabaki? Hata kisawe?"

"Lingekuwa limechapishwa, ndiyo. Lisilochapishwa si jina." Akachukua biki nyekundu, akalikata mstari mmoja.

Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi kwenye gundi yangu.

Ijumaa Mureithi aliingia na keki aliyoiagiza tangu Jumatatu. Nabiswa alikuwa amemwambia kwamba ua lina jina la zamani lililopatikana makabatini, basi. Aliyelifukua hakumtaja, nadhani kwa kunihurumia. Mureithi akaiweka keki mezani kwangu. Juu yake waliandika AYUMA kwa sukari ya waridi.

"Pole sana, Mama Dishon," akasema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nilitaka uonekane. Sasa niambie, wewe unayejua watu wote humu: ni nani huyo mwenye roho mbaya, aliyekwenda kufukua makabati?"

"Simjui," nikamwambia.

Akanikatia kipande kikubwa kuliko vyote.