Uchafu Usio na Mwenyewe

Kazini walimwita Kifungu, kwa sababu hata akiomba chumvi mezani ungedhani anataja kifungu cha sheria. Alikuwa mwendesha mashtaka wa kesi za mazingira. Ofisi yake, chumba kimoja chenye kabati la chuma lisilokubali kufungwa, ilitazama mto uliogawa nchi mbili. Asubuhi za ukungu ng'ambo ilifutika kabisa, nchi ya jirani ikabaki sauti tu: jogoo, honi, mtu akikohoa.

Shida ililetwa na shangazi yake, dobi wa nyumba ya wageni. Alikuja na beseni kichwani, akalitua juu ya mafaili bila hata hodi.

"Mwanangu, hebu nieleze. Nimeloweka mashuka meupe kwa maji ya mto, nimeyatoa yana rangi ya zambarau."

"Labda sabuni, shangazi."

"Sabuni! Miaka thelathini nafua, leo ndiyo inigeuke?"

Kifungu aliinua shuka moja dirishani. Kusema kweli lilipendeza, kama wingu kabla ya mvua, na kule kupendeza ndiko kulikomtisha. Wakafuata ukingo, wanawake wawili, mpaka ndani ya matete. Huko wakakuta mdomo wa bomba, na maji ya zambarau yakitoka polepole, kama ardhi inayopumua usingizini. Upande ule hapakuwa na kiwanda chochote. Kilichokuwapo kilikuwa ng'ambo: kiwanda cha kutia nguo rangi, bomba lake la moshi likielea juu ya ukungu.

Akachukua maji kwenye chupa, akafungua kesi. Hakimu aliitazama chupa kwa muda mrefu.

"Bomba hili ni la nani?"

"La kiwanda cha ng'ambo, Mheshimiwa."

"Nani aliyeona likitoka huko?"

Kifungu akafunua jalada lake, akalifunga tena.

"Uchafu nauona," hakimu akasema, kwa upole uliouma kuliko ukali. "Mwenyewe simwoni. Na mkono wangu unaishia katikati ya mto."

Kesi ikafutwa. Kwa wiki kadhaa Kifungu alipita mbali na nyumba ya shangazi yake, maana aibu nayo ina njia zake za kuzunguka.

Miezi mitatu baadaye aliitwa kwenye semina ya wanasheria, wakemia na wakaguzi wa nchi zinazotumia mto ule. Siku ya pili, wakati wa chai, alijikuta kando ya mwanamume mwembamba mwenye madoa ya dawa vidoleni. Alikuwa akikoroga chai ambayo hakuitia sukari. Beji yake ilisema ni mkemia wa serikali ya ng'ambo.

"Kumbe ninyi ndio mnaotuandikia malalamiko," Mkemia akasema, akisoma beji ya Kifungu. "Dada, kile kiwanda nimekikagua mara nne. Mtaro wao mkavu kama ulimi wa mgonjwa. Ukingo wetu maji safi. Nimeandika hivyo kwa mkono wangu mwenyewe."

"Ukingo wenu ni safi kwa sababu mnatutapikia sisi, kaka."

Kifungu alidhani atakasirika. Mkemia aliweka kijiko chini.

"Bomba linapita chini ya mto?"

"Mdomo wake nimeugusa."

Akafumba macho kidogo, kama mtu anayesikiliza muziki wa jirani. "Kwa hiyo kwangu yupo mwenyewe asiye na uchafu. Kwako upo uchafu usio na mwenyewe."

"Na tukiwakutanisha?"

"Tutakuwa na kesi."

Hawakurudi ukumbini. Walikaa kwenye ngazi za nyuma, wakaandika fomu moja: nani amechukua maji, wapi, saa ngapi, nani amepokea, na nafasi ya sahihi kwa maofisa wa nchi zote mbili. Halafu zikaja barua, majibu ya barua, na barua za kuuliza barua zimefika wapi. Haraka haraka haina baraka, lakini subira ile nayo nusura iwazeeshe. Mwezi wa nne wa kuandikiana, mahakama ya ng'ambo ikatoa kibali cha upekuzi.

Siku yenyewe ilianza kwa ukungu mzito. Mkemia aliingia kiwandani na askari wawili, akiwa na kopo la rangi ya kijani isiyomdhuru hata samaki. Kifungu alisimama kwenye matete, na karani wa mahakama pembeni yake, kila mmoja na saa yake iliyolinganishwa kwa simu.

"Saa moja na dakika kumi," sauti ya Mkemia ikasema sikioni. "Nimemimina kwenye shimo lililo chini ya mapipa yao."

Wakangoja. Ukungu ulifunika miguu yao, wakawa kama watu waliopandwa majini. Kereng'ende alitua juu ya saa ya karani, akaisoma, akaondoka. Dakika ishirini. Dakika thelathini. Maji ya bomba yalitoka yaleyale ya zambarau.

"Umeona?"

"Bado."

Alianza kuhisi kwamba hapakuwa na kiwanda wala Mkemia, kwamba ameota yote, na kwamba ataamka akiwa na chupa ileile mbele ya hakimu yuleyule. Ndipo uzi mwembamba wa kijani ukatoka mdomoni mwa bomba. Ukajinyoosha, ukawa utepe, ukawa shuka zima linalong'aa kati ya matete. Hata nyuso zao ziligeuka kijani. Kifungu, mwenye kifungu cha kila jambo, aliandika saa tu.

"Dada? Upo?"

"Imefika," akanong'ona. "Kaka, imefika."

Kwenye simu akasikia mtu akipenga kamasi.

Walikutana katikati ya daraja, kwenye mstari wa rangi uliochorwa juu ya lami. Chupa ya maji ya kijani waliyoyachota kwenye matete ilikuwa na lakiri. Karani akasaini fomu, Mkemia akasaini, chupa ikavuka mpaka mikononi mwa Mkemia.

Kesi ilisikilizwa ng'ambo. Kwa mara ya kwanza maishani Kifungu alisimama kizimbani kama shahidi, akagundua kwamba si sawa na kusimama upande wa kuuliza. Wakili wa kiwanda alimzunguka kama paka.

"Shahidi, una mamlaka gani wewe katika nchi hii?"

"Sina hata chembe."

"Basi umefuata nini?"

"Nimefuata maji, Mheshimiwa wakili. Yenyewe yalivuka bila kuomba kibali."

Watu wakacheka. Jaji hakucheka, ila aliandika. Wiki sita baadaye aliamuru bomba ling'olewe, na kiwanda kisitie rangi hata kitambaa kimoja mpaka kijenge mabwawa ya kusafishia maji yake.

Walipotoka, Kifungu hakujisikia mshindi. Alijisikia mwepesi, mlegevu kidogo, kama mtu aliyeamka usingizi wa mchana akakuta mvua imekwisha kunyesha. Mkemia alikuwa kwenye baraza ya mahakama, akisoma ujumbe kwenye simu huku amekunja uso.

"Mtu simjui," akasema. "Mkaguzi wa misitu, nchi ya tatu kutoka hapa. Anasema magogo yao yanakatwa kwao na kupigwa mihuri kwa jirani. Amesikia tuna fomu ya nchi mbili iliyokubalika mahakamani. Anaiomba."

"Mtumie."

"Ni ya maji, dada. Yeye ana magogo."

Kifungu akaketi kando yake, akatoa kalamu. "Basi lete karatasi. Tufute neno maji."