Asipojibu, Endelea

Kazi yangu ni kusoma alichoandika mwenzangu kabla hakijaingia kwenye programu, na nikiona kasoro naisema. Ofisini kwetu Troyeville wananiita Mayasa mkali. Sawa, niwe mkali. Programu yetu inaitwa Kumbu, na inawatunzia waandika programu kila toleo la kazi yao, ili mtu akiharibu leo aweze kuirudia ile ya jana. Ukiichezea Kumbu umechezea jasho la watu.

Jumatatu ile Mwadini aliniletea mabadiliko yake niyapitie. Mwadini ni Mzanzibari, mpole, na mkono wake ni mzuri. Wateja walikuwa wanalalamika kwamba ukiiamuru Kumbu ifute tawi, yaani nakala ya pembeni ya kazi, inauliza "Una hakika?" halafu inakaa inangoja. Mitambo inapojiendesha yenyewe hakuna mtu wa kujibu, basi kila kitu kinasimama. Dawa ya Mwadini ilikuwa mstari mmoja tu, na pembeni yake ameandika maelezo kwa Kiswahili, kama tufanyavyo sisi: asipojibu, endelea.

Nikausoma, nikaurudia. Damu ikanichemka.

Na niseme ukweli, haikunichemka kwa ajili ya Kumbu peke yake. Jumamosi iliyotangulia ami yangu, Selemani, aliniita kwake Yeoville. Bi Biubwa, shangazi yake Mwadini, alikuwa amepeleka posa. Ami akaniambia pale pale, nina birika mkononi namimina chai: "Mwadini anakutaka. Unasemaje?" Nikanyamaza. Mwadini nampenda, sikatai. Lakini niliwahi kuolewa kule Tanga nikiwa msichana, nimefunikwa kanga, sikufungua mdomo, na wakubwa wakasema nimekubali. Ndoa ile ilinitoa machozi mpaka ilipoishia kwa talaka. Safari hii nilitaka nifikiri. Nikaenda jikoni kuongeza maji, na huko nikamsikia ami anaongea na Tanga kwenye simu: "Kakubali. Ijumaa tunawapa jibu, tupange na siku ya ndoa."

Jamani. Mwanamwali akiulizwa akanyamaza kwa haya, kimya chake huhesabiwa ridhaa, hilo nalijua tangu chuo cha Kurani. Lakini mwanamke aliyekwisha kuolewa husema kwa mdomo wake mwenyewe. Na aliyenifundisha hayo ni ami huyo huyo. Kasahau tu, machoni pake mimi bado mtoto. Nilipotoka jikoni nimwambie, nikamkuta analia kwa furaha, ananiombea dua, na ulimi ukawa mzito. Nikarudi chumbani kwangu Bellevue kwa miguu, nina kinyongo na dunia nzima. Ijumaa ikipita sijasema, nitakuwa nimeozwa kwa mara ya pili bila neno langu.

Basi ndiyo hali niliyokuwa nayo nilipokaa kuijaribu kazi ya Mwadini. Nikafungua tawi la mazoezi kwenye seva yetu ya mbali, nikaiamuru Kumbu ilifute. Ikaniuliza kama nina hakika. Kabla sijagusa kitu umeme ukakatika, mtaa mzima, na robot za barabarani, ndivyo huku wanavyoziita taa za magari, zikazima. Eish, mji huu. Ruta yetu ya intaneti ikafa, mimi na seva tukawa hatusikilizani tena. Umeme uliporudi nikaenda kutazama, na tawi halikuwepo. Kumbu ilingoja, haikusikia kitu, ikafuta. Lilikuwa la mazoezi tu, lakini lingeweza kuwa jasho la mtu.

Nikaandika chini ya mstari wake: "Sikubali. Aliyenyamaza huenda amekatikiwa umeme, huenda anaswali, huenda bado anafikiri. Kwa amri ya kutazama tu, asipojibu endelea, haina madhara. Amri ya kufuta ingoje neno la mwenyewe, na neno lisipokuja iache kila kitu kilivyo. Anayetaka mitambo yake ifute bila kuulizwa, aseme hivyo mapema ndani ya amri yenyewe."

Haukupita muda Mwadini akaja mezani kwangu. "Mayasa, mbona umenijia juu hivyo? Asiyetaka si atasema hapana?"

"Nani kakudanganya?" nikasema, na sauti ikanipanda mpaka watu wakageuka. "Mimi nilisema ndiyo lini?"

"Ndiyo ya nini?"

"Ya posa yako."

Akavuta kiti akakaa. "Ami yako keshamdokeza shangazi kwamba umekubali."

"Nilinyamaza, Mwadini. Nilikuwa na birika mkononi, nikanyamaza. Basi."

Akanitazama, halafu akautazama ule mstari wake kwenye skrini yangu. "Mie sikuambiwa kuwa ulinyamaza," akasema polepole. "Wallahi, Mayasa, ningelijua ningekuja mwenyewe." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nikamwonea huruma, na hasira yangu ikakosa pa kukaa. Yeye hakunikusudia ubaya, ami hakunikusudia ubaya, na bado nilikuwa karibu kuozwa. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Akarudi mezani kwake. Kesho yake akaleta mabadiliko mapya. Sasa Kumbu isipojibiwa inaacha, na inaandika: "Sikupata jibu. Sijafuta kitu." Nikaijaribu, safari hii ruta nikaichomoa kwa mkono wangu mwenyewe. Tawi lilikuwa pale pale. Nikayapitisha mabadiliko yake, na nikamwandikia kwamba kazi ni nzuri.

Ijumaa baada ya swala tukakutana kwa ami. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, kumbe mwenzangu kanitangulia. Mwadini alikwishamwendea ami na kumwambia kwamba jibu hatalipokea kwa mtu mwingine ila mimi. Ami alikuwa amenuna. Anachezea tasbihi, ananung'unika kwamba siku hizi wazee hawana kazi. Bi Biubwa yeye alikuwa ametulia, anakunywa chai yake.

Mwadini akakaa kitako vizuri. "Mayasa, nakuuliza mbele ya wakubwa. Unaridhia nikuoe? Usiponijibu, nitajua sijajibiwa. Nitakwenda zangu, na kinyongo sina."

Nikanyamaza. Safari hii nilinyamaza makusudi, nilitaka kuona.

Ami uso ukamng'aa. "Si mnaona, keshakubali..."

"Muache, Selemani," Bi Biubwa akamkata, bila kuweka kikombe chini.

Tukakaa. Kutoka ghorofa ya chini nikasikia kinyozi wa Kikongo anacheka na wateja wake. Mwadini aliangalia mkeka, akangoja kwa heshima, muda mrefu kuliko nilivyodhani mtu angeweza. Halafu akainuka. Akamshukuru ami kwa chai, akamuaga shangazi yake, akaenda mlangoni kwenye viatu. Hakugeuka kunitazama ili nimhurumie. Uso wake ulikuwa umemshuka, nao aliuficha kadiri alivyoweza. Akavaa kiatu kimoja, akainama kufunga kamba.

Mara ya kwanza katika maisha yangu nimenyamaza, na mtu anaondoka huku kimya changu kikiwa bado changu.

"Ndiyo," nikasema, kwa sauti ya kufika hadi kwa kinyozi.

Mwadini akabaki ameinama, kamba mkononi. Ami akatupa tasbihi yake mkekani. "Sasa wewe mtoto, siku zote hizi ulikuwa unangoja nini?"

"Kuulizwa, ami," nikamwambia, na nikaenda mlangoni kumpokonya Mwadini kile kiatu cha pili.