Ganzi ya Fundi Saa

Kila siku ya dripu, kabla ya dawa ya saratani, fundi saa alichomwa sindano ya kuzuia mzio, na sindano hiyo ilikuwa na usingizi wake. Aliipenda. Kiti kilianza kuelea, dirisha likasogea mbali, matone yakashuka polepole kama yanayosahau njia.

"Vidole vinakufa ganzi?" muuguzi aliuliza kila mara.

"Hamna, dada. Niko ngangari."

Uongo mtupu. Nywele kunyonyoka alisema, chakula kuwa na ladha ya chuma alisema. Ganzi aliificha. Mgonjwa mwenzake alimwambia kwamba ukiitaja, unapunguziwa dawa, na kwake hiyo ilikuwa sawa na kuuachia uvimbe wa pafu ujitawale.

Asubuhi moja dukani, akifunga saa ya mteja, skrubu ndogo kuliko ufuta ikampotea. Akapiga magoti, kioo cha kukuzia kikiwa jichoni, akapapasa sakafu kwa vidole vilivyokuwa kama vimevaa soksi. Vumbi lilimetameta kwenye jua. Akatambaa humo taratibu kama mtu anayeogelea angani, akasahau hata anatafuta nini.

Mkewe akaingia. "Baba watoto, umeanza kutambaa upya?"

"Skrubu imedondoka. Usije ukaikanyaga."

"Si hiyo hapo kidoleni?"

Akatazama. Skrubu ilikuwa imejichoma kwenye ncha ya kidole, na damu inatoka. Hakuhisi kitu. Mkewe alicheka, halafu akaacha.

"Tangu lini?"

"Dripu ya tatu."

"Muuguzi anajua?" Fundi akaanza kuichomoa skrubu. "Mtu mzima ovyo! Unamficha anayekutibu?"

"Wakipunguza dawa, nikafa je?"

"Waulize kwanza. Kuogopa utaogopa baadaye, muda upo."

Walikwenda pamoja. Muuguzi alipouliza, fundi alinyoosha mikono. "Ganzi ipo, dada. Nilikudanganya."

Daktari akaitwa. Akamfumbisha macho, akamgusa kidole kimoja kimoja. Fundi alikosea vinne.

"Dawa moja tutaipunguza, nyingine inaendelea kama kawaida," daktari alisema. "Tiba haijakatika, mzee. Ganzi huenda ikapungua, lakini siahidi. Ungesema mapema, ingekuwa rahisi zaidi."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Hofu haikumtoka. Dripu ilipoanza, chini ya shuka aliyofunikwa kitini, mkewe alikuwa ameushika mkono wake muda mrefu, naye hakujua mpaka shuka ilipotikisika.

"Bana zaidi," alimwambia.

Akabana.

"Zaidi kidogo, mama watoto. Hapo karibu na kiganja. Ehe, hapo nakusikia."